Waya wa laki na themanini, na sol ya ami

Ami yangu alipiga gitaa la besi katika taarab hapa Tanga tangu enzi ambazo harusi bila kikundi ilikuwa bado haijawa harusi. Vidole vyake siku hizi havikunji vizuri, lakini masikio yako pale pale. Mwezi uliopita alikuja nyumbani Chumbageni baada ya sala ya Ijumaa. Nikampa shikamoo, nikampa chai ya tangawizi, nikamkalisha kwenye kiti kilicho katikati ya spika mbili, kiti ambacho wanangu wanakiita cha enzi kwa sababu hawaruhusiwi kukikalia. Nilikuwa na kitu cha kumwonyesha. Nilikuwa nimenunua waya.

Waya wa sauti, wa dijiti, urefu wa mita moja, shilingi laki moja na themanini elfu. Ulikuja kutoka Dubai kwenye begi la mtu, ndani ya kisanduku chenye sifongo kama cha mkufu wa dhahabu. Mume wangu aliponiuliza bei nilimwambia si ghali sana, kisha nikabadilisha mazungumzo.

Ami akashika kikombe, akanyamaza. Amplifaya ilikuwa imewaka lakini wimbo nilikuwa bado sijauweka. Akainamisha kichwa upande wa spika ya kushoto.

"Mwanangu, nani huyo anapiga sol?"

"Hakuna anayepiga, ami. Bado sijaweka kitu."

"Yupo. Anashika sol, hataki kuiachia. Tena imepanda kidogo."

Nikasogea hadi sikio langu likagusa kitambaa cha spika. Ilikuwepo, ile sol ya do-re-mi. Mvumo wa chini, mnene, kama nyuki walio ndani ya mtungi. Nilikuwa nimeishi nao wiki tatu nikiuita jina jingine kabisa.

Nieleze mtambo wenyewe kwanza, maana si wa kutambia. Amplifaya ni ya Kijapani, ya mtumba, nzito kama gunia la nazi. Spika ni mbili za mbao, nazo za mtumba. Kuna deki ya CD, kuna televisheni na king'amuzi chake, na katikati ya vyote kuna kiboksi kidogo kinachoitwa DAC. Mimi nakiita kigeuzi kwa sababu ndiyo kazi yake: kinapokea tarakimu upande mmoja, kinatoa sauti upande wa pili. Kina matundu matatu ya kupokelea, mawili ya waya wa shaba na moja la waya wa mwanga. Nyaya zinazotoka kwenye kigeuzi kwenda kwenye amplifaya ni za analogi, hizo zina habari yake na leo siigusi. Nasema zile zinazoingia.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, kwa hiyo mtanivumilia aya mbili tatu. Sahani ya CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, ina sauti iliyopimwa mara 44,100 kwa kila sekunde. Kila kipimo kimeandikwa kwa biti 16, yaani tarakimu 16 ambazo kila moja ni sufuri au moja, na kuna mikondo miwili, wa kushoto na wa kulia. Zidisha upate biti 1,411,200 kwa sekunde. Zikitaka kutoka nje ya deki zinavaa nguo za safari, yaani ule utaratibu wa Sony na Philips unaoandikwa S/PDIF: kila jozi ya vipimo inafungwa katika fremu ya biti 64, pamoja na alama za kujulisha fremu inaanzia wapi. Sasa ni biti 2,822,400 kwa sekunde, zikitembea kwenye waya mmoja kwa nguvu ya nusu volti tu.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa karani wa kuhesabu robota za mkonge bandarini. Robota likija limelowa, limechanika pembeni, limejaa vumbi jekundu la shambani, kwenye daftari lake ni moja. Lisipofika ni sufuri. Hakuwa na safu ya kuandika "robota lenye huzuni". Kigeuzi nacho ni karani wa namna hiyo. Pigo la umeme likifika limepinda kona zake, maadamu linatambulika, linahesabiwa vile vile kama lililonyooka. Ndiyo maana waya wa dijiti ukiharibika hauifanyi sauti kuwa nyembamba, wala hauondoi utamu wa udi au kupunguza besi. Unafanya vibaya waziwazi: tak, tak, kimya, kisha wimbo unarudi kama mtu aliyejikwaa. Na kwa S/PDIF hakuna kurudia. Ni njia ya upande mmoja, kilichopotea hakitumwi tena.

Kwa hiyo mtu akikuambia waya wake wa dijiti "unafungua sauti za juu", muulize anafunguaje sufuri.

Nasema hivyo sasa. Wiki tatu kabla ya ami kuja nilikuwa naandika maneno kama ya mtu huyo kwenye kundi letu la WhatsApp la wapenda muziki. Ilianza na tak tak. King'amuzi kilikuwa kimeunganishwa na kigeuzi kwa waya wa elfu tatu, ule wenye pini ya manjano uliokuja na deki ya zamani, na kila Alhamisi usiku nikisikiliza taarab ya redioni sauti inakatika. Nikigusa pini inakaa sawa. Nikirudi kwenye kiti inakatika. Nikaamua kwamba waya wa elfu tatu ni waya wa elfu tatu, nikamwagiza mtu.

Ulipofika, tak tak ikaisha. Hilo ni kweli na silikani. Lakini nikasikia na jambo la pili: besi imejaa. Imekuwa na joto, imekaa chini ya muziki kama mkeka. Nikaandika kwenye kundi, nikatumia hilo neno "mkeka", watu watatu wakaniomba namba ya yule wa Dubai. Sasa mnajua mkeka wenyewe ulikuwa nini.

Kesho yake nilibeba nyaya zote mbili nikaenda kwa fundi wangu wa redio, Ngamiani, kwenye zile barabara za namba. Kibanda chake kina amplifaya zilizokufa hadi dari na redio moja tu inayofanya kazi, nayo ameifunga kwa mpira wa baiskeli. Nikamsimulia habari ya sol. Hakucheka. Akachukua waya wa elfu tatu, akaupima kwa mita: waya wa katikati mzima. Akapima ule wa nje, nyavu ya shaba inayouzunguka wa ndani: hakuna kitu. Akaukata karibu na pini kwa wembe, akanisogezea.

Shaba ilikuwa ya kijani. Ukiishi mahali upepo wa bahari unaingia sebuleni bila kubisha hodi unaifahamu rangi hiyo. Kwenye mlango wa pini chumvi ilikuwa imekula nyuzi zile nyembamba moja moja hadi zote zikaachana, ukibaki mpira tu unaoshikilia umbo la waya.

"Mwalimu, huu ulikuwa umekatika nje, ndani mzima," akasema. "Ndiyo maana ulikuwa unagugumia. Na ndiyo maana ulikuwa hauvumi."

Hayo maneno mawili nimeyafikiria kuliko vitabu. Waya wa koaksia, huu wa shaba, una njia mbili: uzi wa katikati unaopeleka ishara na nyavu ya nje ambayo ishara inarudia. Lakini nyavu hiyo pia inashikamanisha bodi la chombo hiki na bodi la chombo kile. Kigeuzi hakijali, hayo siyo tarakimu. Umeme ndio unaojali. Amplifaya yangu ina plagi ya pini tatu, na pini ya tatu inakwenda ardhini. Dishi la king'amuzi limefungwa kwenye nguzo ya chuma iliyochimbiwa uani, nayo imo ardhini. Nilipounganisha king'amuzi na kigeuzi kwa waya mzima, nikawa nimeziunganisha ardhi mbili kupitia sebuleni kwangu, nikatengeneza kitanzi kikubwa kinachotoka uani, kinapita nyuma ya televisheni, kinazunguka kwenye amplifaya na kurudi uani. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani unatikisika mara 50 kwa sekunde. Kitanzi kinauokota, kinaupitisha kwenye nyaya za analogi, spika zinauimba.

Na hezi 50, nilipofika nyumbani nikatafuta, iko jirani kabisa na noti ya sol ya chini ya gitaa la besi, ambayo ni hezi 49. Imepanda kidogo. Mzee wa miaka sabini na kitu, bila mita, bila simu.

Waya mbovu wa elfu tatu ulikuwa umekatika nyavu, kwa hiyo kitanzi hakikufunga. Waya mzuri wa laki na themanini ulikifunga barabara. Ubora wake ndio ulioniletea mvumo, nami mvumo nikauita besi, nikawashauri wenzangu waununue.

Fundi hakutaka kuniachia hapo. Akavuta roli la waya wa dishi chini ya meza, akakata mita moja, akatoa pini mbili za chuma zilizopakwa dhahabu, akazilehemu wakati mimi nikinywa soda. Elfu saba, pamoja na soda. Nikampa uhakika wangu wa kimwalimu kwamba waya wa antena ni wa televisheni, si wa muziki. Akanionyesha maandishi kwenye ganda lake: 75.

Hiyo ndiyo namba pekee ya kuikariri kwenye habari hii yote. S/PDIF ya shaba inataka waya wa omu 75. Si upinzani ule unaopima kwa mita kutoka mwanzo hadi mwisho, maana huo kwa mita moja ni kama haupo. Ni tabia ya waya kwa mawimbi yanayokwenda kasi, inaitwa impidansi, nayo inatokana na unene wa uzi wa ndani, upana wa nyavu na plastiki iliyo katikati yao. Nenda Raskazone maji yakijaa uangalie wimbi likipiga ukuta: sehemu inarudi baharini na kuvuruga wimbi linalofuata. Wimbi la umeme likitoka kwenye kitu cha omu 75 likaingia kwenye cha omu 50 linafanya hivyo hivyo. Waya ukiwa wa 75 kutoka chombo hadi chombo, wimbi linaingia na halirudi. Nyaya za antena na dishi ni za 75. Nyaya za zile redio za upepo za mabaharia na polisi nyingi ni za 50, usizichanganye hata kama fundi mwingine atakuambia zote ni koaksia.

Kichekesho ni kwamba pini yenyewe, ile tunayoiita ya RCA kwa jina la kampuni ya Radio Corporation of America, ilibuniwa kwa ajili ya redio na santuri miongo mingi kabla ya CD, na haikukusudiwa kuwa ya omu 75. Ile ya BNC, ya kuzungusha, inatengenezwa kwa 75 halisi, ndiyo maana utaiona kwenye vyombo vya studio. Kwa hiyo waya wa laki na themanini, wenye nyuzi zilizopakwa fedha, unaishia kwenye pini ambayo si 75. Mwenye duka hakunitajia.

Je, inaharibu? Hapa nitakaa kidogo. Kwa mwendo wa CD, pigo fupi kuliko yote kwenye waya linadumu nanosekunde 177 hivi, na nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Ndani ya koaksia ya kawaida ishara inakwenda kama theluthi mbili ya kasi ya mwanga, sentimita 20 kwa nanosekunde. Zidisha: pigo moja limejinyoosha mita 35. Panga madarasa manne ya shule yetu mstari mmoja, pigo linayajaza yote. Waya wangu una mita moja. Kile kinachorudi kutoka kwenye pini kinarudi pigo likiwa ndiyo kwanza linaanza, kinachafua ukingo tu, halafu sehemu kubwa iliyobaki imetulia kwa karani kuhesabu.

Ukingo, hata hivyo, ndiyo hoja pekee ya wauza nyaya ambayo si ya uongo. Kwenye S/PDIF saa haina njia yake, inasafiri ndani ya ishara ile ile. Kigeuzi kinajua lini kitoe kipimo kinachofuata kwa kusikiliza mapigo yanavyofika. Ni kama karani asiye na saa ya mkononi, anayeshika mdundo wa wimbo wa wapagazi. Wapagazi wakiyumba, naye anayumba. Robota zote zimefika, hesabu ni kamili, ila mdundo una mlegezo. Wenyewe wanauita jita. Upo, unapimika, na kwenye vyombo vya zamani ulikuwa tatizo. Vigeuzi vilivyoundwa vizuri siku hizi vinaituliza saa upya vyenyewe, vinapokea robota na kuzipanga ghalani kabla ya kuzitoa kwa mdundo wao. Ukiwa na laki na themanini za kupigana na jita, ziweke kwenye kigeuzi. Mimi nimekwisha chelewa.

Nilirudi nyumbani na waya wa fundi. Tak tak hakuna. Sol ipo, sawasawa na ya Dubai. Elfu saba na laki na themanini zinavuma noti moja.

Mshale, nisisahau mshale. Waya wa Dubai una mshale uliochapwa kuonyesha muziki upite upande gani. Niliufuata kwa adabu wiki tatu. Kwenye koaksia ya dijiti nyavu ni njia ya kurudia ishara, lazima ishikwe ncha zote mbili, na waya ni ule ule ukiugeuza. Niliugeuza. Hakuna aliyekufa.

Dhahabu ni habari nyingine, na hapa sisi wa pwani tuna haki ya kutofautiana na watu wa bara. Dhahabu haipitishi umeme vizuri kuliko shaba, fedha na shaba zote zinaishinda. Lakini dhahabu hailiwi. Kwa mtu wa Dodoma pini iliyopakwa dhahabu ni pambo tu. Kwangu mimi, kusi ikivuma miezi kadhaa mfululizo na kila kitasa cha mlango kikitoa ukungu, ni kinga. Mkao wa pini nao usipuuzwe. Iwe inakaza tundu. Kila baada ya miezi michache nazichomoa na kuzirudisha, nikizifuta kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, na nguo inatoka na mstari mweusi. Mita ya waya hainisumbui. Chumvi inaanzia kwenye pini.

Na waya wa dishi unaouzwa mitaani, mwingi una uzi wa chuma uliopakwa shaba. Sogeza sumaku, utanata. Kwa kazi hii haudhuru, kwa sababu mapigo ya kasi hivi yanatembea kwenye ngozi ya uzi, si kwenye nyama. Kasoro yake ni ugumu. Unakaa kama fimbo, ukisukuma amplifaya ukutani unavunja tundu. Mwambie fundi atafute ule mwembamba.

Sasa dawa ya sol. Fundi alikuwa ameshanitajia: usiunganishe vyombo kwa shaba, viunganishe kwa mwanga. Toshiba waliuleta waya huu mwaka 1983, na jina lake TOSLINK bado lina jina la kampuni ndani. Ncha moja kuna taa ndogo nyekundu inayowaka na kuzima mamilioni ya mara kwa sekunde, katikati uzi wa plastiki wa unene wa milimita moja, ncha ya pili jicho linalosoma. Tarakimu ni zile zile za S/PDIF. Kisichopita ni umeme. Plastiki haishikamanishi bodi na bodi, ardhi ya uani inabaki uani.

King'amuzi changu hakina tundu la mwanga, televisheni inalo. Sauti kutoka kwenye king'amuzi tayari inaingia kwenye televisheni kwa HDMI, basi nikaamua itoke hapo. Nikaenda dukani. Kijana akaniuliza kama waya ni wa kaka. Nikamwambia ni wa ami. Elfu kumi na mbili, mita mbili.

Nikachomeka, nikakaa kwenye kiti cha enzi. Kimya. Nikachomoa, nikachomeka. Kimya. Nikaingia kwenye menyu ya televisheni, nikabadilisha sauti kutoka ile iliyofinywa ya mikondo mingi kwenda PCM, yaani ile isiyofinywa, maana kigeuzi cha mikondo miwili kama changu hakisomi ile nyingine, na hilo kweli lilikuwa kosa mojawapo. Bado kimya. Dakika arobaini. Nilikuwa nimeshaandika ujumbe mkali kwa mwenye duka wakati binti yangu, anayesoma kidato cha pili, alipoishika ncha ya waya na kuvuta kwa kucha kijifuniko kidogo cha plastiki, kinachopita mwanga kiasi cha kukudanganya kwamba ndiyo ncha yenyewe. Akanipa mkononi bila kusema neno. Watoto wa siku hizi wana adabu ya kuumiza.

Nikaitazama ncha upande wa pili: nukta nyekundu kama makaa ya udi. Ndiyo njia ya haraka ya kujua waya wa mwanga ni mzima. Usiukunje kona kali kama karatasi, mwanga unavuja. Usiupitishe chini ya zulia la watu wanaopita. Usiufanye mrefu kupita kiasi, mita tano ni salama, kumi tayari unaomba dua. Tundu lake lifunike likiwa halitumiki, maana nyumba zetu zina sisimizi na mijusi kafiri, na nimekwisha wahi kukuta yai la mjusi nyuma ya deki. Wengine watakuambia waya wa mwanga ni duni kwa sababu taa yake ni ya polepole kuliko shaba. Kwa faili za kipimo cha 192,000 kwa sekunde malalamiko hayo yana msingi, vyombo vingi kwa njia hii vinaishia 96,000. Mimi nasikiliza nyimbo za enzi ya Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarab vya hapa Tanga, zilizorekodiwa kwenye utepe. Elfu tisini na sita zinanitosha mimi na wajukuu.

Walio na televisheni mpya na sabufa ya kisasa hawahitaji haya yote. Tumia HDMI kwenye tundu lililoandikwa ARC, njia iliyokuja mwaka 2009, au eARC iliyotangazwa 2017, ambayo inabeba hata ile mikondo mingi isiyofinywa. Nunua wa kawaida, uwe mfupi, uishie hapo. Wanaochezea muziki kwenye kompyuta wanatumia USB. Huko kigeuzi kizuri kinashika saa chenyewe na kuiambia kompyuta ilete haraka au ipunguze, kwa hiyo suala la mdundo linaondoka. Linalobaki ni shaba tena: waya wa USB unabeba volti 5 na ardhi ya kompyuta, na chaja ya laptopu ikiwa imechomekwa unaweza kusikia mlio mwembamba kama wa mbu. Ukiusikia, chomoa chaja kwanza kabla ya kununua chochote.

Waya wa Dubai nimeuhamishia kwenye deki ya CD. Deki ina plagi ya pini mbili, haimo ardhini, haifungi kitanzi na mtu. Hauvumi. Hauna besi ya mkeka wala joto. Sijasikia tofauti yoyote kati yake na ule uliokuwa hapo kabla, nimeuacha kwa sababu nimeulipia na kwa sababu rangi yake inapendeza. Kwenye kundi niliandika marekebisho marefu. Wawili kati ya wale watatu walikuwa wameshalipa.

Ijumaa iliyofuata ami alirudi. Nikawasha amplifaya, sikusema kitu. Akainamisha kichwa upande wa kushoto, kisha upande wa kulia, muda mrefu hadi chai ikaanza kupoa.

"Ameondoka," akasema.

Nikaweka CD. Ni nakala aliyonitengenezea jamaa kutoka kwenye utepe wa redio, taarab ya hapa hapa, kikundi chao, miaka ya sabini. Utepe una mchakacho wake wa mvua nyembamba, huo hauwezi kuondolewa na waya wowote duniani. Chini yake, ambapo wiki tatu nilikuwa na mkeka, kulikuwa na gitaa la besi ambalo sikuwahi kulisikia hivyo: kila noti ina mwanzo na mwisho wake, na kati ya noti na noti hakuna kitu.

Ami alikuwa anagonga goti kwa kidole kimoja. Ubeti wa pili, zeze likiwa limepanda juu, kidole kikasimama.

"Hapo," akasema. "Rudisha."

Nikarudisha.

"Hapo nilikosea. Ilitakiwa sol, nikapiga la. Hawakunishtukia siku ile hata mmoja." Akasogeza kiti mbele. "Rudisha tena."

Nikarudisha mara nne.